Jinsi ya kumpenda jirani ambaye haukumchagua

Mama anayekaa orofa ya juu yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, huwa hakamui nguo. Anaanika blanketi ikitiririka maji, Jumapili jioni, saa ile yunifomu za watoto wangu zimeshakauka kwa kamba ya chini, na nikimwita kwa dirisha ananijibu "pole" na ile sauti ya mtu hana pole yoyote. Imekuwa hivyo karibu miaka miwili sasa. Na mimi ndio yule mtu wa kusimamishwa kwa harusi nisome 1 Wakorintho 13, upendo huvumilia, hufadhili, nasoma polepole na sauti nzito mpaka mashangazi wanatoa leso, halafu narudi nyumbani nakuta yunifomu zimelowa na kile kinachonitoka kwa mdomo hakiko kwa Wakorintho wala kwa barua nyingine yoyote ya Paulo.

Kwa hivyo usisome hii ukidhani imeandikwa na mtu aliyefika. Ni vitu nimejaribu, vingine vimeshika, vingine bado vinanishinda. Nimeamua kuandika ju kila mara tukifika kwa "mpende jirani yako" kanisa lote linasema amina na hakuna mtu anauliza, sawa, kesho asubuhi naanza na nani na nafanya nini hasa.

Acha kwanza kutafuta orodha

Hadithi ya Msamaria mwema, Luka 10, wengi tunaijua kama hadithi ya kusaidia watu. Ni kweli, lakini angalia ilianza aje. Ilianza na mtu anatafuta orodha. Mwana-sheria amekuja kwa Yesu, aya anazijua, hiyo ya mpende jirani yako kama nafsi yako anaikariri vizuri sana, iko Walawi 19:18. Shida yake haikuwa aya. Luka anasema "akitaka kujidai haki" akauliza, "Na jirani yangu ni nani?" Yaani anataka aambiwe ua umeishia wapi. Ni kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu ni gani itakuja kwa mtihani ndio hizo zingine asihangaike nazo.

Na hatuwezi kumcheka ju hilo swali tunaliuliza kila siku, ni vile tu hatulisemi kwa sauti. Jirani ni wa kanisa letu? Wa kabila letu? Wa ploti? Na huyu Msomali wa duka, na huyu Mkongomani aliyehamia juzi na watoto watano, na huyu kijana wa kuvuta bangi kwa ngazi?

Sasa kitu ambacho mimi nilikaa miaka bila kukiona. Rudi sura moja nyuma, Luka 9. Yesu anapita kijiji cha Wasamaria, watu ambao hawakupatana na Wayahudi, na wanakataa kumpokea. Wanamfungia. Yakobo na Yohana wanakasirika mpaka wanauliza kama waombe moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze, na Yesu anawakemea wao. Hiyo ni sura ya 9. Unageuza ukurasa, sura ya 10, huyo huyo Yesu aliyenyimwa mahali pa kulala anatunga hadithi: mtu amepigwa na wanyang'anyi barabarani, kuhani na Mlawi wanampita, na mtu mzuri anayesimama kumsaidia ni Msamaria. Mimi ukinikataza kulala kwako leo, kesho sitakufanya mfano mzuri kwa mtu yeyote, nakuahidi.

Halafu akimaliza anamgeuzia mwana-sheria swali: kati ya hao watatu, ni nani alikuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi? Na huyo mtu wa sheria hata jina la Msamaria halitoki, anasema tu "Ni huyo aliyemwonea huruma." Umeona vile swali limepinduka. Yeye alikuwa anauliza nani anastahili kusaidiwa na yeye. Yesu amemlaza kwa mtaro, amepigwa, nguo hana, na sasa kazi yake ni kuangalia ni nani anakuja, na anayekuja ni yule hakumtaka.

Hapa kwetu hiyo si hadithi ya zamani. Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera likielekea Nairobi, abiria ambao hawakuwa Waislamu wakatengwa na watu 28 wakauawa. Mwaka uliofuata, Desemba 2015, basi lingine, hili limetoka Nairobi linaenda Mandera, likavamiwa upande wa El Wak, na wale wavamizi wakataka watu wajitenge vile vile, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Wengine walikuwa wameshawapa akina mama Wakristo mitandio wajifunike wasijulikane. Mwalimu mmoja, Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi siku hiyo, akaletwa Nairobi kutibiwa na akafariki Januari 2016. Muislamu. Na kati ya hayo mabasi mawili na kabla yake, wengi wetu Wakristo wa Nairobi tulikuwa tukiona Msomali akiingia matatu na begi tunashuka steji inayofuata. Aprili 2014 wakati wa ule msako wa polisi kwa Wasomali wa Eastleigh, watu maelfu wakashikwa na wengi wakawekwa uwanja wa Kasarani, kwetu kanisani mada ilikuwa vile trafiki ya Thika Road imekuwa mbaya. Nilikuwa hapo, nami nililalamikia trafiki.

Hata hili neno lenyewe jirani tumelitoa kwa Kiarabu, na kwao ni wingi, majirani. Hauwezi kuwa na mmoja tu wa kuchagua.

Tafuta unayempita kando

Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu teke. Hawakumtukana. Biblia inasema walimwona, wakapita kando. Kwa hivyo ukitaka kujua umeacha nani nje, usitafute watu unaowachukia, ju utasema sichukii mtu na utaamini. Tafuta watu unaowazungukia njia.

Fanya hivi. Jioni moja, karatasi na kalamu, fikiria wiki iliyopita kuanzia unapofungua mlango asubuhi. Ni nani ukimwona kwa ngazi unajifanya uko kwa simu? Ni meseji ya nani unaisoma kwa juu bila kuifungua ndio zile tiki zisigeuke bluu? Ni nani kanisani unahakikisha umetoka kabla hajakufikia? Ni nani anakusalimia kila siku na wewe jina lake hujui? Andika watatu, usiandike zaidi, ju ukiandika ishirini utaweka karatasi kwa droo na hiyo itakuwa mwisho wake.

Wangu walikuwa mama wa blanketi, binamu aliyekopa elfu kumi na mbili akazima simu, na soja wa geti. Huyu wa mwisho alinishtua kidogo ju hatujawahi kukosana. Ananifungulia geti usiku saa nne, saa tano, mvua ikinyesha, na nilikuwa simjui jina.

Kisha angalia ndani ya nyumba kabla hujafika mbali. Kuna nyumba mingi Nairobi hii dada wa kazi ako na kikombe chake. Unakijua. Kile cha plastiki cha kijani au kile cha bati kimebanduka rangi, kinakaa upande wake kwa rafu, na kila mtu wa nyumba anajua bila kuambiwa kwamba hicho si cha kunywea mgeni. Huyo dada ndiye anamjua mtoto wako amekula nini leo na amelia saa ngapi, halafu Jumapili mnamwachia nyama ikiiva mnaenda kuimba kuhusu upendo. Waraka wa kwanza wa Yohana 4:20 hausemi mtu wa namna hiyo amechoka au ana mambo mengi, unasema mtu akisema anampenda Mungu na anamchukia ndugu yake, ni mwongo. Wewe utaniambia simchukii. Sawa, basi kunywa chai na hicho kikombe wiki moja.

Na wazazi. Kuna watu wanatoa pesa ya misheni Turkana na mama yao ako kijijini bila dawa ya presha. 1 Timotheo 5:8 iko wazi, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Nimeweka hiyo hapa ju watu wakisikia upendo ni wa wote wanakimbilia walio mbali, walio mbali hawapigi simu usiku. Wagalatia 6:10 nayo inasema tuwatendee watu wote mema, hasa jamaa ya waaminio. Hiyo "hasa" inakuonyesha pa kuanzia, haijafunga mlango kwa mtu, ju "wote" imetangulia.

Anza na salamu, si mzaha

Mathayo 5 huwa tunakimbilia hapo kwa "wapendeni adui zenu" tunaruka ile aya ya 47, mkiwaamkia ndugu zenu tu, mnatenda tendo gani la ziada? Salamu. Yesu akiongea mambo ya adui ametaja salamu, kitu ambacho hakilipishwi.

Basi nilianza na soja. Nikamuuliza jina, nikamuuliza kwao, Kakamega, nikamuuliza analala saa ngapi kama anakesha hapa na mchana anafanya kibarua cha mjengo, akacheka akasema analala kwa matatu. Hiyo tu. Dakika mbili. Lakini usiku uliofuata kupita hapo bila kusema kitu ilikuwa ngumu kuliko kusema.

Ukisalimia salimia ungoje jibu. Wanairobi tuko na ile "sasa" ya kutupa tukiendelea kutembea, hata jibu linakuta tumeshafika kwa kona.

Omba, lakini si ile ya mashtaka

"Waombeeni wanaowaudhi." Mimi mara ya kwanza niliomba hivi: Bwana mbadilishe huyu mama, mfunulie makosa yake, mguse. Hayo ni mashtaka umepeleka kwa Mkubwa. Maombi ya upendo ni kumuombea kitu ambacho ungejiombea mwenyewe, kodi ipatikane, kifua cha mtoto kipone, biashara isiungue. Na sasa hapo utagundua hauna kitu cha kuombea ju hujui chochote juu yake, na itabidi uende ujue.

Weka muda mfupi. Mimi nilikuwa naombea Jogoo Road, tukikwama kwa jamu, majina matatu, dakika tano, macho wazi. Wiki mbili. Wiki ya kwanza ilikuwa uongo mtupu nikuambie ukweli, nataja jina nikiwa nimeuma meno. Wiki ya pili nikajikuta nikisikia mtoto wake akikohoa usiku, hiyo dari yetu ni nyembamba, na badala ya kusema "sasa hatulali" nikasema Bwana huyo mtoto. Sijui ilitoka wapi.

Hapa lazima niseme kitu ndio usinilaumu baadaye. Nilikuwa natarajia nikimjua huyo mama nitapata sababu. Unajua zile shuhuda, kumbe mkono wake uliumia ndio maana hakamui, kumbe alifiwa, na wewe unalia na mambo yanakuwa sawa. Hapana. Mkono wake ni mzima. Hapendi tu kukamua. Nilimuuliza vizuri nikiwa nimetabasamu, akaniambia blanketi ikikamuliwa inaharibika. Kwa hivyo kama unangoja mtu akupe sababu nzuri ndio umpende, pengine hiyo sababu haiko, na Yesu hakusema tungoje. Baba wa mbinguni huwaangazia jua lake waovu na wema, nafikiri na blanketi zisizokamuliwa pia zinakauka na hilo jua.

Dinari mbili

Hapa ndio watu huwa tunapotelea, ju tunafikiria upendo ni kujisikia vizuri moyoni. Angalia Msamaria amefanya nini, utaona ni kazi ya mikono na pesa. Amefunga jeraha, ametia mafuta na divai, mafuta ya kulainisha na divai ya kusafisha kidonda. Amempandisha kwa mnyama wake, maana yake yeye sasa anatembea kwa miguu, na hiyo barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko ni kama kilomita 27 za kushuka tu, mita elfu moja hivi chini, ukishawahi kushuka kuelekea Mai Mahiu fikiria hiyo mara mbili na hakuna gari. Amemuuguza usiku huo. Kesho yake akatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua wa siku moja, ile hadithi ya shamba la mizabibu kwa Mathayo 20 inaonyesha. Kwa hivyo mshahara wako wa siku mbili, piga hesabu sasa hivi, hiyo ndio kiasi.

Na halafu akaenda safari yake! Hii ilinifungua. Hakumhamisha yule mtu kwake. Hakuacha biashara. Alimpeleka mahali kuna mtu kazi yake ni kutunza wageni, akalipa, akasema akirudi atamalizia. Wengi wetu hatusaidii kabisa ju tunaogopa tukianza tutabeba mtu milele.

Kwa hivyo mimi nafanya hivi, wewe unaweza kufanya vingine. Kila mwezi mshahara ukiingia natoa ya siku moja, mbili zimenishinda bado, naweka kwa bahasha ndani ya Biblia, na hiyo si ya fungu la kumi wala si ya harambee ya mtu yeyote kwa grupu. Ni ya yule sijamjua. Miezi mingine inakaa tu. Mwezi mwingine mama wa kuuza mboga pale chini maji ya mvua yamembebea stoki, na kwa sababu pesa ilikuwa imeshatengwa sikuanza kujiuliza kama anastahili, nilitoa nikaenda. Uamuzi ukiufanya mapema unakuwa rahisi, ukiungoja mpaka mtu asimame mbele yako utapata sababu elfu.

Ukisha kutoa usipige picha. Wale wa kupeana mkate kwa chokoraa na kamera iko mbele, mimi naona hiyo mkate imelipiwa na huyo mtoto.

Uliza kabla ya kuleta

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu anaona, na bado Yesu alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Iko Marko 10:51. Kama Yesu aliuliza, wewe na mimi ni nani tukisie?

Kuna kijana nilikuwa namwona karibu na Muthurwa, na gundi yake ndani ya shati, siku moja nikiwa na haraka ya kufanya wema nikamuuliza nimnunulie chips ama chapo madondo. Akafikiria. Akasema, "Nipee simu niongee na mathe." Nambari alikuwa nayo kwa kichwa. Akabonyeza, akaweka kwa sikio, nikasikia ile sauti ya mteja hapatikani, akajaribu tena, akanirudishia simu akiipangusa kwanza na kiganja ndio isiwe chafu, akasema asante akaenda. Sikumnunulia chochote. Hakuwa ameomba chochote cha kununua.

Na nilikuwa na deni na vijana kama huyo. Miaka fulani nilikuwa kwa kundi la kukaribisha watu kanisani, tuko na beji na skafu moja ya rangi ya zambarau, na asubuhi moja mvulana wa mtaani aliingia ibada imeanza, miguu haina viatu, ananuka gundi. Mbele kulikuwa na viti vitupu vingi. Mimi nikamshika bega kwa upole sana, ule upole wa kanisani, nikamketisha nyuma kabisa karibu na mlango nikamwambia hapa kuna hewa. Yakobo sura ya pili imeandika hayo karibu neno kwa neno, mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama pale. Nilikuwa nimeisoma. Ndio nakuambia kuisoma si kazi. Kama uko kwa kundi hilo, mkubaliane kabla ya ibada, mtu akiingia anaketi kiti kitupu kilicho karibu zaidi, yeyote, mbunge au chokoraa. Kanuni ikiwa moja hamtajaribiwa.

Adui na "hao watu"

Kwa Nairobi adui mara nyingi hana sura, ni kabila. Kila baada ya miaka mitano tunaona watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wanaanza kusema "hao watu". Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na hapa Nairobi Mathare na Kibera zikagawanywa ni nani anakaa upande gani, na waliofanya hivyo na waliofanyiwa, wengi walikuwa wamebatizwa. Hilo ni jambo la kutafakari kabla ya kampeni kufika.

Kwa vitendo: ukipata meseji ya "hao watu" kwa grupu ya kanisa, usiisambaze, na usinyamaze tu, mtafute aliyeituma kando, kwa simu, umwambie ndugu hii hapana. Usimwaibishe mbele ya wengine, atatetea uongo kwa kuona haya. Na uwe na mtu mmoja wa kabila hilo linalosemwa vibaya nyumbani kwenu ambaye mnakula naye, si mfanyakazi mwenzako wa kusalimiana kwa lifti, mtu wa kula naye. Ukishakula ugali na mtu, "hao watu" inakwama kooni.

Kuna pia wale ambao hawatajwi kanisani ila kwa kulaaniwa, shoga, kahaba, mlevi, mtu aliyetoka jela ya Industrial Area juzi. Mjadala wa dhambi ni gani una mahali pake na siingii hapa. Lakini sijaona aya ya kuruhusu mtu apigwe, afukuzwe nyumbani, au aachwe afe njaa, na Mathayo 25 Yesu anasema nilikuwa kifungoni mkanijia, hasemi nilikuwa nimesingiziwa.

Na akinitumia vibaya?

Atakutumia. Pale Kencom kuna mzee nilimpa nauli ya Nakuru, na baada ya miezi nikampa tena nauli ya Nakuru, kofia tofauti. Sai mtu akiomba nauli namwambia twende steji nikukatie tiketi, na kama kweli anasafiri anakuja. Kupenda hakujasema uache akili nyumbani.

Hili lingine ni zito zaidi na naliandika kwa ajili ya akina dada. Kumpenda adui si kukaa mahali unapigwa. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, "wanipigia nini?" Hakunyamaza, iko Yohana 18:23. Paulo alipofungwa achapwe mijeledi akawauliza kama ni halali kumpiga Mrumi, akatumia haki yake. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa umehama, ukiwa umeripoti, hata kama yeye ako jela. Kama uko kwa hali hiyo piga 1195, ile nambari ya Kenya ya kusaidia wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure, halafu mchungaji umwambie baadaye. Na mchungaji anayekuambia rudi uvumilie, muulize kama yeye angerudi.

Binamu wa elfu kumi na mbili, nimemsamehe deni, nimemwambia kwa meseji kwa sababu simu hashiki. Lakini sitamkopesha tena, na hilo pia nimeandika kwa meseji hiyo hiyo. Akajibu "amen cuzo". Hivyo tu.

Ukianguka

Utaanguka wiki hiyo hiyo. Mathayo 5:23 ina dawa na ni chungu: ukiwa madhabahuni na sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo, nenda mpatane kwanza. Angalia, haijasema wewe una neno juu yake. Yeye ndiye ana neno juu yako. Yaani kabla hujahesabu makosa ya mama wa juu, jiulize yeye angesema nini juu yako. Nilijiuliza. Watoto wangu hupiga mpira ukutani saa nane mchana akiwa amelala, yeye huamka saa tisa usiku kwenda Gikomba. Hajawahi kusema neno.

Jumamosi moja mwaka jana mke wangu akapika chapo, nikachukua nne na ndengu nikaweka kwa sahani ile nyeupe ya maua, ile ya wageni, nikampandishia mwenyewe badala ya kutuma mtoto. Akafungua mlango nusu, akapokea, akasema asante, akafunga. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni ndizi mbili au sukari kidogo unaweka, kila mtu anajua. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mke wangu akaanza kuuliza sahani yangu iko wapi na mimi nikawa najifanya sijaskia.

Haijarudi. Blanketi Jumapili hii imetiririka kama kawaida. Lakini juzi nilipanda kumpelekea karatasi ya stima iliyoletwa kwetu kimakosa, mlango ulikuwa wazi, mtoto wake yule wa kukohoa ameketi chini kwa mkeka anakula wali na maharagwe kwa sahani nyeupe ya maua. Akaniona, akanisogezea.